Maswali yenu kwa Anko: muziki wa gemu za zamani unatengenezwaje?

Toleo lililopita niligusia mistari mitatu tu kuhusu muziki wa zile gemu za kuchomeka kanda, zile ambazo mtaa mzima ilikuwa nyumba moja ndo inayo mashine na watoto wote wanajazana sebuleni hapo, nikasema siku hizi muziki wa aina ile unautengeneza bure kwenye brauza bila kununua kitu. Basi meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua sita, zinazofanana nimeziunganisha, na majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe nalipenda na sitaki kulipunja.

Shikamoo anko. Niko Morogoro nasoma kidato cha tano, kaka yangu kaniachia laptop yake ya zamani. Sijui kupiga chombo chochote, naimba kwaya tu kanisani. Nataka kutengeneza muziki kama ule wa Mario, nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Kwanza usiseme hujui chombo, kama kwaya yenu inaimba kwa karatasi za do re mi basi ushavuka pale ambapo wengi wanakwama. Tena ngoja nikuonyeshe kitu. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, ambayo TV gemu nyingi tulizochezea huku zilikuwa nakala zake, ilikuwa na chaneli tano tu za sauti. Mbili za wimbi la mraba, ndo zile zinazoimba ti-ti-ti, moja ya wimbi la pembetatu ambayo ni laini na mara nyingi ilipewa kazi ya besi, moja ya kelele tupu kama redio isiyoshika stesheni, hiyo ndo ngoma, na ya tano ya kupiga vipande vifupi vilivyorekodiwa. Toa hiyo ya tano, zinabaki nne, na kila moja inatoa noti moja kwa wakati, mbili haiwezi. Sasa hiyo si kwaya ya watu wanne? Sauti ya kwanza, sauti ya pili, besi na mpiga ngoma. Koji Kondo alipotengeneza muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985 kwaya yake ilikuwa ndogo hivyohivyo, na mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauingiza ule muziki kwenye orodha yake ya rekodi za kutunzwa, ndo muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo.

Kwaiyo fungua BeepBox, ndo programu ya kutengenezea muziki huu kwenye brauza. Imetengenezwa na jamaa anaitwa John Nesky, ipo tangu 2012, hakuna kujisajili wala kulipa. Utaona uwanja wa vimistari, juu ni sauti nyembamba, chini ni nene, na muda unaenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ukibonyeza noti inatokea, ukibonyeza tena inafutika, ukiivuta inarefuka, ukitaka kusikia gonga kile kitufe kirefu cha nafasi kwenye kibodi. Chini yake kuna mistari minne ya viboksi vyenye namba, kila mstari ni chaneli na kila kiboksi ni kipande kimoja cha wimbo, wenyewe wanaita baa. Angalia vizuri ile mistari: mitatu ya kuimba, mmoja wa ngoma. Yaani kwaya yetu ileile, ushapangiwa.

Chaneli ya kwanza weka wimbi la mraba, ya pili weka ile ya robo iliyoandikwa 1/4, ya tatu pembetatu. Halafu kwenye skeli, yaani ngazi ya noti utakazotumia, chagua ile ya easy yenye kauso kanakotabasamu, hiyo inakuachia do re mi so la peke yake, noti tano ambazo hata ukizichanganya vipi hazigombani. Mstari wa do utauona una rangi tofauti na mingine. Sasa baa ya kwanza weka so mi so la. Ya pili so mi re halafu nyamaza kidogo. Ya tatu do re mi so. Ya nne la so re. Imba kwanza kwa mdomo ndo uweke. Besi isihangaike, baa ya kwanza ipige do, ya pili la, ya tatu do, ya nne so, basi. Ngoma iweke tu pale ambapo ungepiga kofi. Usijaze, sauti ya pili iache tupu kwa leo.

Umeona baa ya nne imeishia re na sio do? Nimefanya makusudi. Ukiishia do wimbo umefika nyumbani, umekaa chini, umevua viatu. Ukiishia re sikio linabaki linadai kitu, na kile linachodai ndo mwanzo wa wimbo, kwaiyo unarudi juu bila mtu kuhisi kuna mahali umekatika. Muziki wa gemu unazunguka hata nusu saa mtu akiwa amekwama sehemu moja, lazima ule mshono usionekane.

Kaka mambo, naomba kujua hizo programu zinakula bando kiasi gani, na je nikishatengeneza wimbo unakaa wapi? Nilitengeneza mmoja mzuri sana kwenye simu ya rafiki yangu nikafunga, kesho yake sikuukuta. (Msomaji, Mwanza)

Pole sana, hayo yamenikuta na mimi. Mwaka 2014 nilikaa intaneti kafe moja kuanzia saa kumi mpaka wanafunga, nilikuwa nimepata besi ambayo mpaka leo nikiikumbuka roho inauma, nikaondoka nikijua nitaikuta, kumbe zile kompyuta zilikuwa zinafutwa kila jioni.

Iko hivi. BeepBox haihifadhi wimbo wako kwao. Wimbo unakaa ndani ya linki yenyewe, ile anwani ndefu juu ya brauza, kila ukiongeza noti angalia utaona herufi zinabadilika. Hizo herufi ndo wimbo, ukinakili linki umenakili wimbo wote, ukimtumia mtu anaifungua anausikia na anaweza kuubadilisha pia. Ila linki hizo zinakuwa ndefu sana na ukituma kwa njia inayokata maneno marefu zinapungua mkia na wimbo unakufa, kwaiyo kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kufupisha linki, tumia hiyo. Mi binafsi nahifadhi pia faili la json kutoka sehemu ya kutolea wimbo, hilo unaweza kulirudisha ndani siku yoyote ukaendelea, lakini wav na mp3 ni za kusikiliza tu, ukitoa hiyo peke yake noti zako huwezi tena kuzigusa.

Wimbo mzima unaingiaje kwenye anwani? Rudi kwenye kwaya. Karatasi ya noti unaikunja unaiweka mfukoni, ila ukitaka kubeba sauti za wanakwaya wenyewe unahitaji rekodi. Gemu za zamani zilibeba karatasi na sio rekodi, chipu iliyokuwa ndani ya mashine ndo mwimbaji, inasomewa tu piga noti hii kwa muda huu. Super Mario Bros. yote, picha na hatua na muziki na kila kitu, ilikuwa kilobaiti 40. Mp3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde ingemaliza hizo kilobaiti 40 ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, hujafika hata kwenye kiitikio. BeepBox inafanya kazi vilevile, noti ziko kwenye linki na mwimbaji ni brauza yako.

Na hilo ndo jibu la bando. Ukurasa ukishafunguka sauti inatengenezwa hapohapo kwenye simu au kompyuta yako, haishushwi kutoka popote, unaweza kukaa nayo masaa na bando halishuki kama unavyoangalia video. Ipo pia ya kuweka kwenye kompyuta ukaitumia bila intaneti kabisa. Kwenye simu inafunguka ila uwanja unakuwa mdogo na vidole vinakosea, ukipata kompyuta hata mbovu ni afadhali.

Habari yako anko. Niko Mombasa, kijana wangu ana miaka minane na gemu zimemteka. Nataka hiyo hamu igeuke kuwa kitu cha kutengeneza badala ya kucheza tu. Hizo za viboksi na namba naona zitamchosha.

Njema mama. Kwa umri huo mpe Song Maker ya Chrome Music Lab, ni ya Google, inafunguka kwenye brauza na haiulizi jina wala barua pepe. Anachora kwa kidole, kila rangi ni noti, chini kuna mistari miwili ya ngoma, akimaliza anabonyeza kuhifadhi anapewa linki. Mwanzo itakuwa na sauti ya marimba, pale kwenye vyombo mbadilishie aweke ile ya sinthi ndo inakaribia sauti ya gemu. Mwache achore hata nyumba au herufi za jina lake asikie jina linasikikaje, watoto wanapenda sana hiyo. Kaa naye umwombe akuimbie alichochora kabla hajakipiga, hapo sikio ndo linafunguka. Akifika mahali anakulalamikia kwamba nafasi haimtoshi, huyo ashaiva kwa BeepBox.

Anko mi napiga kinanda kanisani Dodoma. Nimejaribu BeepBox ila naona sauti zinatoboa masikio kama mbu, na pia nikiweka kodi za noti tatu inakuwa vurugu. Nakosea wapi?

Swali zuri sana na nadhani hapa ndo penye utamu wenyewe wa huu muziki, nivumilie.

Tuanze na mbu. Wimbi la mraba lina unene. Likiwa nusu juu nusu chini, yaani asilimia 50, linatoka sauti pana yenye uwazi ndani. Ukilifanya asilimia 25 linakuwa kali kidogo, lina pua, na asilimia 12.5 ni jembamba kabisa, linalia kama zumari la mbali. Pale BeepBox utaziona kama mraba, robo, na moja ya nane. Wengi wanaoanza wanachagua ile nyembamba kwa sababu inasikika haraka, wanaipandisha oktavu ya juu, wanaijaza noti mwanzo mwisho, hapo lazima iwe mbu. Shusha oktavu moja. Fupisha noti, acha hewa katikati yake. Noti inayokaa sana iwekee vibrato ile inayochelewa, inayoanza kutetemeka baadaye, kama mwimbaji anavyoishika sauti kwanza ndo aitikise. Na usivae hedifoni ukaweka sauti juu, mawimbi haya hayana upole kama piano.

Sasa kodi. Wewe una vidole kumi, ile chipu ilikuwa na mdomo mmoja kwa kila chaneli. Ukitaka kodi ya do mi so ungetumia chaneli zote tatu na melodi ikose pa kukaa. Watunzi wa zamani, hasa wa ile kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ambayo ilikuwa na sauti tatu tu, wakaona dawa ni kuzikimbiza zile noti tatu kwenye chaneli moja, do mi so do mi so haraka kiasi kwamba sikio halizihesabu tena linasikia kodi moja inayometameta. Ile trrrrr ya gemu za zamani ndo hiyo. Pale BeepBox huhitaji kuichora noti moja moja, weka noti tatu pamoja halafu kwenye aina ya kodi chagua arpejio, itazikimbiza yenyewe. Jaribu sasa hivi kwenye chaneli ya pili huku ya kwanza inaimba, utaelewa kwa nini nimesema utamu.

Kingine nikupe kwa sababu we ni mpiga kinanda utakipenda. Nakili melodi ya chaneli ya kwanza uiweke ya pili, isogeze mbele kidogo tu na sauti yake uipunguze hadi chini ya nusu. Chipu zile hazikuwa na mwangwi, mwangwi wake ulikuwa ni huo, chaneli ya pili inamfuata mwenzie nyuma kwa sauti ya chini. Ni kweli unapoteza sauti ya pili kwenye sehemu hiyo, ila melodi ya polepole ikipata mwangwi ule unajikuta uko ndani ya pango. Na besi, ukiona ngoma yako haina mshindo, chukua ile pembetatu uiporomoshe kutoka noti ya juu mpaka chini kabisa ndani ya muda mfupi sana, inatoka dum. Zamani pembetatu ileile ilipiga besi na dum kwa kupokezana.

Oya anko, niko Temeke, mi ni mtu wa singeli. Hivi inawezekana singeli ya gemu? Au nitakuwa naharibu?

Inawezekana na huharibu kitu. Singeli inakimbia biti 200 mpaka 300 kwa dakika na inaishi kwa vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, mara nyingi vya kinanda cha taarabu vilivyoongezwa kasi mpaka vikapata sauti ya juu ya kitoto. Muziki wa gemu nao kipande kifupi kinazunguka na sauti iko juu, hawa ni ndugu kabisa. BeepBox inaanza na 150, ipandishe. Ila sikiliza makosa ya kwanza utakayoyafanya, utaweka melodi ikimbie sawa na ngoma na kitasikika kama kitu kimekwama. Acha kelele ndo ikimbie, ile chaneli ya ngoma ijaze vizuri, melodi iende nusu ya kasi yake, na noti ziwe fupi za kukatwa. Vile vipande vya taarabu usivichukue, vitunge wewe kwa skeli zenye jina la dbl harmonic, utasikia zile noti zinazobanana zenye harufu ya pwani.

Na kasi yenyewe inaweza kuwa sehemu ya utunzi. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, 1978, muziki wake ulikuwa noti nne tu zinazoshuka, dum dum dum dum, lakini kadiri wavamizi walivyopungua ndo noti zilivyoongeza kasi, na watu walitokwa jasho. Noti nne! We una noti saba za skeli yako na tempo, yaani kasi, unayoimiliki, anza taratibu kwa 160 utoe toleo moja, toa lingine 220, lingine 280, uziunganishe.

Habari kaka, tuko wawili hapa Arusha tunatengeneza gemu ya simu, ya daladala kukwepa mashimo. Tunahitaji muziki unaozunguka bila kukatika, na milio ya sarafu na kuruka. Na je tunaweza kuchukua ule muziki wa Mario tukautengeneza upya wenyewe kwenye BeepBox? Si utakuwa wetu?

Nianze na la mwisho. Hapana, hautakuwa wenu. Mkiupiga upya mnamiliki huo upigaji wenu tu, utunzi bado una mwenyewe na gemu yenu mnataka kuiweka sokoni, msijitafutie kesi. Kujifunzia nyumbani ukiunakili noti kwa noti ni shule nzuri sana, mi nimejifunza hivyo, ila usitoke nje. Mlichotunga wenyewe kwenye BeepBox ni chenu, wameandika wazi kwamba hawadai umiliki wa nyimbo za watu.

Milio msiihangaikie kwa noti. Kuna kitu kinaitwa sfxr, alikitengeneza jamaa anayejiita DrPetter mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya muda mfupi, na toleo lake la brauza ni jsfxr. Kuna vitufe vya sarafu, risasi, mlipuko, kuruka, kuumia, kila ukibonyeza kinakupa mlio mpya wa aina hiyo, bonyeza hata mara thelathini mpaka upate wenyewe halafu sogeza vishikio kidogo. Jambo moja, mashine za zamani milio ilitumia chaneli zilezile za muziki, ukiruka sauti moja ya wimbo inanyamaza kidogo ipishe mlio. Nyie simu haiwalazimishi hivyo lakini igeni wazo, melodi yenu muiache chini kidogo, sarafu ikae juu yake, visikanyagane.

Kuzunguka sasa. Chini ya viboksi vya BeepBox kuna kialama kama mabano, ukikivuta unachagua wapi wimbo uanze kurudia. Tungeni baa moja au mbili za utangulizi, konda anapiga bodi gari linaondoka, halafu mabano yaanzie baa inayofuata ili humo BeepBox utangulizi usikike mara moja tu. Mkitoa faili chagueni wav, sio mp3, kwa sababu mp3 inaongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni na huo ndo unaowafanya watu waseme muziki wangu unakata wakati noti ziko sawa. Likiwa zito ligeuzeni kuwa ogg baadaye.

Mkija kutaka zaidi ya hapo, muziki unaoweza kupigwa hata kwenye mashine ya Nintendo yenyewe, shusheni FamiStudio kwenye kompyuta, nayo ni bure. Uwanja wake unafanana na huu mliouzoea. Lakini kwanza nataka nisikie hiyo ya daladala, baa nane zinatosha, nitumieni linki nzima, iliyofupishwa, na mniambie ni njia gani hiyo yenye mashimo nijue tempo niitegemee vipi.